Unataka Vepu Yenye Nguvu Zaidi?

Ndugu msomaji, maneno haya niliyazungumza mbele ya vijana wa hapa Komarock baada ya swala ya tarawehe, na wahariri wakaniomba niyaandike ili na wale ambao hawakufika wayapate. Nimeyaacha karibu vile vile yalivyosemwa, kwa hivyo usishangae ukikuta lugha ya barazani imechanganyika na ya kitabu. Mimi si sheikh wala si daktari. Mimi ni fundi wa vitu vya umeme. Natengeneza simu, redio na chaja, na siku hizi, tupende tusipende, naletewa na vepu. Zinaletwa na vijana ninaowajua tangu wakicheza mpira kotini, na wengine nawajua baba zao. Ndiyo sababu nikaambiwa mimi ndiye nizungumze.

Swali linaloletwa kwenye meza yangu ni moja tu, ila linakuja kwa sauti nyingi. "Fundi, hii yangu imekuwa dhaifu. Nataka ya nguvu. Nichukue gani?" Anayeuliza kwa kawaida ana miezi mitatu au minne tangu aanze. Alianza na ile ndogo ya kutupa, ya fleva ya embe au tikiti, akapanda akanunua podi ya kuchaji, na sasa ameona mwenzake ana modi kubwa ya mkononi yenye kioo na namba za wati, ikitoa wingu kama moshi wa matatu mbovu ikipanda Kangundo Road. Basi na yeye anataka.

Sikuja kuwauzia mashine, na wala sikuja kuwapigia kelele. Kelele mmeshapigiwa nyumbani. Nimekuja kulijibu swali lenyewe, maana swali hili lina majibu, na asiyejibiwa na mtu anayemjali atajibiwa na muuzaji.

Tuanze na mashine ilivyo, kwa ufupi. Sigara ya kielektroniki kama tunavyoijua leo ilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Ndani yake mna vitu vinne: betri, waya uliozungushwa unaoitwa koili, pamba, na maji ambayo vijana mnayaita juisi. Pamba hunyonya maji, koili hupata moto, maji hugeuka mvuke, nawe unavuta. Maji yenyewe ni gliserini na propilini glaikoli, fleva, na nikotini. Hayo tu. Hakuna siri nyingine, na mtu akikuambia ya kwake ina "teknolojia maalumu", mwambie aifungue uione.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu huumia. Neno "nguvu" katika vepu lina maana mbili, na mbili hizo hazihusiani. Kuna nguvu ya umeme, ambayo hupimwa kwa wati. Na kuna nguvu ya maji, ambayo hupimwa kwa miligramu za nikotini katika kila mililita. Kijana anapokuja kwangu akisema yake ni dhaifu, anataka ile ya pili, lakini mfukoni ameshika pesa za kununua ya kwanza. Akienda dukani atauziwa wati, halafu atamimina ndani yake maji yale yale aliyoyazoea, na hapo ndipo pana hatari yenyewe.

Nieleze wati kwanza. Betri moja ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2. Koili ya podi ndogo ina ukinzani wa kama omu 1.2. Piga hesabu ya shule: volti mara volti, gawa kwa omu. Unapata wati 14 na kitu. Umeme unaotoka kwenye betri ni ampia 3.5. Hiyo ni kazi nyepesi. Sasa chukua koili ya wale wa mawingu, ya omu 0.2. Hesabu ile ile inakupa wati 88, na betri inakamuliwa ampia 21. Mimi chuma changu cha kulehemu ni cha wati 60, na kinayeyusha risasi mbele ya macho yenu. Wewe unataka wati 88 sentimita chache kutoka kwenye meno.

Kwa moto ule pamba haimezi maji kidogo kidogo tena, inakunywa. Podi ndogo tuseme inamaliza mililita 2 kwa siku. Modi kubwa inaweza kumaliza 10 kwa siku bila wewe kuona. Na ndiyo maana wanaotumia modi kubwa kwa kujua hutia maji mepesi sana, miligramu 3 kwa mililita, au 6. Mkichukua kalamu mtaona: mililita 10 za miligramu 3 ni miligramu 30 za nikotini. Podi ndogo yenye maji ya miligramu 20, mililita 2, ni miligramu 40. Umeona? Lile wingu kubwa, ukilitumia inavyopasa, lina nikotini kidogo kuliko kidude kile kidogo. Kwa hiyo aliyekuwa akitafuta kushiba hatashiba, atakuwa amenunua moshi wa harusi.

Lakini yule asiyejua anamimina maji ya miligramu 50 aliyobakiwa nayo. Mililita 10 mara 50. Miligramu 500. Hata asipofika huko, hata akivuta mara tano tu, atajua. Kwanza kizunguzungu, halafu jasho baridi, mate kujaa kinywani, kichefuchefu, kutapika, moyo kwenda mbio. Ikizidi, degedege. Hiyo si kulewa, wala si "kupata hit". Hiyo ni sumu ya nikotini, na mtu akifika kwenye degedege au akishindwa kupumua, hapana mjadala wa aibu wala wa "baba atajua", ni Mama Lucy moja kwa moja, na mwambie daktari ukweli wa alichovuta.

Na tusemezane juu ya hii asilimia. Kwenye boksi ya zile za kutupa utaona imeandikwa asilimia 5. Kijana anaona tano, anasema tano ni kitu gani, mtihani ukipata tano si umefeli? Asilimia 5 ndiyo hiyo hiyo miligramu 50 kwa kila mililita. Kidude cha mililita 2 kina miligramu 100 za nikotini ndani. Sigara moja ya karatasi ina kama miligramu 10 hadi 12 ndani yake, na mvutaji huishia kupata kama moja au moja na nusu mwilini. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha miligramu 20 kwa sheria ya mwaka 2014, na Uingereza hata baada ya kutoka huko imebaki na kikomo hicho. Kile wanachokiona huko ni kikali mno kuuzwa, hapa kinauzwa pamoja na chingamu.

Mtu atauliza, kama ni kali hivyo mbona haiwashi koo? Swali zuri. Zamani nikotini ya vepu ilikuwa inakwaruza. Ukifika miligramu 18 koo linakataa. Kisha ikaja chumvi ya nikotini, ambayo Juul waliitoa madukani Marekani mwaka 2015: nikotini iliyochanganywa na asidi ikalainika. Koo lilikuwa kama askari wa geti letu la kotini. Mgeni akija na mzigo mzito, anamsimamisha. Hii chumvi imempa askari chai akalala. Mzigo ule ule unapita, na zaidi, na wewe unasema "hii ni laini".

Nirudi kwenye lile neno dhaifu. Nikiletewa vepu dhaifu, ninaifungua. Mara nyingi nakuta koili imeungua, pamba imekuwa nyeusi kama kitambi cha jiko la mafuta taa. Koili mpya ni bei ndogo kuliko mashine mpya. Mara nyingine ni betri imechoka au tundu la chaja limejaa uchafu. Hayo ni ya fundi. Ila kuna zile ninazofungua nikakuta ziko sawasawa kabisa, koili safi, betri imejaa, maji yapo. Hapo iliyobadilika si mashine, ni mwenyewe. Ubongo ukipewa nikotini kila nusu saa huzoea, unaongeza sehemu za kuipokea, na kile kilichokutosha mwezi wa kwanza hakikutoshi mwezi wa nne. Huo udhaifu hauna spea. Ukinunua mashine ya nguvu utapata wiki mbili za raha, halafu utarudi mezani kwangu na swali lile lile. Nimewaona wakirudi.

Kuna na hili la moto wenyewe. Gliserini na propilini glaikoli zikipashwa moto kiasi huwa mvuke. Zikipashwa kupita kiasi huvunjika na kutoa vitu vingine, kama fomaldehaidi, ile inayotumika kuhifadhia maiti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walipima kifaa kimoja: kwa volti 3.3 hawakukuta fomaldehaidi waliyokuwa wakiitafuta, kwa volti 5 wakaikuta, na si kidogo. Wapo wataalamu waliowapinga, wakisema kwa volti zile pamba huwa imekauka na hakuna mtu angeweza kuvuta uchungu ule. Sawa. Mzoefu hataweza. Lakini mgeni wa miezi mitatu aliyekabidhiwa mashine yenye kitufe cha kupandisha wati, mbele ya marafiki wanaomcheka akikohoa, huyo atavuta. Ukihisi ladha ya kitu kinachoungua, ni kweli kinaungua.

Sasa betri. Hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yangu, na ndipo ninapoogopa zaidi.

Modi nyingi kubwa hutumia betri iitwayo 18650. Jina ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ni betri ile ile iliyo ndani ya tochi na ndani ya betri za laptopu za zamani. Nzuri yake ina kati ya miliampia-saa 2500 na 3500. Ukiona iliyoandikwa 9900, na mjini zimejaa, ujue umeshadanganywa hata kabla ya kulipa. Hakuna betri ya ukubwa ule inayofika huko. Na si kila iliyo ya kweli inafaa. Betri ya laptopu imetengenezwa itoe umeme polepole. Ukiikamua ampia 21 inapata moto, na lithiamu ikishapata moto ndani yake hujichochea yenyewe, huwezi kuizima kwa kupuliza. Kuna vijana wanaochomoa betri za laptopu mbovu wakazitia kwenye modi. Wallahi naomba acheni.

Mwezi wa Mei mwaka 2018, mji wa St. Petersburg huko Florida, mtu wa miaka 38 aliuawa na vepu yake ilipolipuka, vipande vikaingia kichwani na chumba kikashika moto. Mwezi wa Januari mwaka 2019, Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alifariki baada ya kipande kukata mshipa wa shingo. Si mambo ya kila siku, na sitaki kuwatisha kwa kuongeza chumvi. Yule wa Florida alikuwa na modi isiyo na chipu, yaani kitufe kinaunganisha betri na koili moja kwa moja, hakuna kitu cha kukata umeme mambo yakienda kombo. Hizo ndizo vijana mnaziona za kiume. Mimi fundi wa miaka yote hii sitii betri kwenye kitu kisicho na ulinzi halafu nikakishika mdomoni.

Na betri ya akiba msiitie mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Sarafu moja ikigusa ncha zote mbili, umeme wote unatoka kwa mara moja, na mfuko wa suruali upo pale ulipo. Karatasi yake ya plastiki ikichanika hata kidogo, usiitumie. Usichaji ukilala, na hasa usichaji juu ya godoro. Nyumba zetu hizi, chumba kimoja wanalala watatu, mlango wa chuma umefungwa kufuli kwa ndani. Fikiria mwenyewe.

Pesa nitazitaja kwa haraka. Mwisho wa mwaka 2024 ushuru wa maji ya nikotini ya vepu hapa Kenya ulipandishwa kutoka shilingi 70 hadi shilingi 100 kwa kila mililita. Mwenye podi ya mililita 2 kwa siku anadaiwa shilingi 200 za ushuru, kama muuzaji wake analipa ushuru. Mwenye modi ya mililita 10, shilingi 1,000 kwa siku. Sijahesabu maji yenyewe. Na kama chupa unayonunua ni rahisi kuliko ushuru wake, basi hiyo imepita njia ya panya, na hakuna mtu aliyeikagua unachovuta.

Hilo la kutokaguliwa lina historia yake. Mwaka 2019 Marekani vijana walianza kuingia hospitali mapafu yakiwa yameungua, na hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufariki, na waliofariki ni 68. Uchunguzi uliwapeleka kwenye mafuta ya vitamini E yaliyotumika kuongezea uzito vepu za bangi zilizouzwa mitaani. Vitamini E kuimeza si neno. Kuivuta ikaingia kwenye mapafu ni jambo jingine. Sasa na hapa Eastlands mtu anaambiwa "hii ina kitu kidogo ndani", anavuta. Kitu gani? Hata anayeuza hajui.

Katika wanaonijia wapo walioanza na shisha. Shisha ilipigwa marufuku mwezi wa Desemba mwaka 2017, wakati Cleopa Mailu ni waziri wa afya, na wengine wakaona vepu ndiyo njia ya pembeni. Sheria ya tumbaku tuliyo nayo ni ya mwaka 2007, wakati vidude hivi havijulikani huku, na mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka Seneti mswada wa kuirekebisha ili iviguse. Wenzetu walitangulia: Uganda ilivipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2015. Na nyinyi mnaojiandaa kwenda kazi za Ghuba, jueni kwamba Oman nayo ilipiga marufuku biashara yake mwaka 2023. Usiende kusimamishwa uwanja wa ndege Muscat kwa sababu ya kidude cha embe, na familia imeuza shamba kukulipia safari.

Dada zetu nao nawasemesha, kwa heshima. Sigara ilikuwa na harufu, mama alijua. Hii haina, na umbo lake ni kama kifaa cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Nimewahi kuletewa moja na mama mzazi akiniambia nimtolee picha za graduesheni ya binti yake zilizo ndani. Nilimwambia hii haina picha, mwambie mwenye kitu aje mwenyewe. Akaja, tukazungumza. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, chupa ya maji ya nikotini ni hatari kuliko dawa ya panya, maana yananukia peremende. Mwaka 2014, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alifariki kwa kuyanywa. Yafungieni mahali pa juu.

Sasa tufike kwenye mwezi wenyewe tulio nao. Kuna ndugu aliuliza, na akauliza kwa dhati, kwamba mvuke si moshi, je, unafunguza? Masheikh wetu wameshalieleza la sigara, nami siwaingilii katika kazi yao. Ninachoweza kuongeza kama fundi ni hiki: kinachotoka pale si hewa. Ni matone madogo madogo ya maji yale yale ya kwenye chupa. Ukivuta mbele ya kioo, kioo kinalowa mafuta mafuta. Kimiminika kimeingia kooni na kifuani kwa kukusudia. Mpelekee sheikh maelezo hayo, halafu usubiri jibu lake, ingawa nadhani umeshalijua.

Na hapa Nairobi tunafunga kama saa kumi na tatu na nusu. Nikotini mwilini hupungua nusu kila baada ya kama saa mbili. Aliyevuta wakati wa daku, ikifika adhuhuri karibu yote imeshaondoka. Ndiyo yale maumivu ya kichwa na hasira za alasiri ambazo tunasingizia njaa. Kisha adhana ya magharibi inalia, na kuna vijana wanaofuturu kwa tende moja na vuta tano. Tumbo tupu, mwili hauna maji, damu haijapata sukari, na unaupiga mkupuo wa nikotini. Mwenye podi ataona kizunguzungu. Mwenye modi mpya aliyoinunua kwa ajili ya Idi anaweza kuangukia mkeka wa futari.

Lakini ligeuze upande wa pili. Wewe ambaye huwezi kukaa nusu saa bila vepu, sasa unakaa saa kumi na tatu. Unaweza. Umeweza jana na umeweza leo. Siku ngumu kwa anayeacha nikotini ni zile mbili tatu za kwanza, na kwa wengi baada ya wiki mbili hadi nne makali yanashuka. Mwezi una siku 29 au 30. Sitasema zaidi juu ya hesabu hiyo.

Basi jibu langu kwa anayeuliza achukue gani. Kama hukuwahi kuvuta sigara, ukaanza moja kwa moja na vepu kwa ajili ya fleva na wenzako, hakuna mashine yoyote ninayoweza kukuchagulia yenye faida kwako. Kama ulikuwa mvutaji wa pakiti kwa siku na vepu ndiyo iliyokutoa kwenye sigara, hali yako ni nyingine, na sitakwambia urudi kwenye sigara; hata Uingereza madaktari huwaambia wavutaji kwamba vepu ina madhara kidogo kuliko moshi wa tumbaku. Huyo, kama ni lazima abadilishe, asipande wati. Achukue podi yenye chipu ya kukata umeme, koili isiyoshuka chini ya omu 0.8, na maji yasiyozidi miligramu 20, aandike tarehe kwenye chupa, na chupa inayofuata iwe 10, halafu 6 au 3. Unashuka ngazi kama ulivyopanda. Wengine hutumia chingamu au bandeji za nikotini kutoka kwa duka la dawa, nazo zinafaa, muulize mfamasia. Na namba ya NACADA ni 1192, kupiga ni bure, hawakuulizi wewe ni mtoto wa nani.

Yule kijana aliyeniuliza swali hili mara ya mwisho alikuwa na maji ya miligramu 50 na pesa za modi ya wati 100 tayari mkononi. Tuliketi, tukapiga hizi hesabu juu ya karatasi ya risiti, akaondoka na koili mpya na chupa ya 20. Sijui kama atashuka hadi chini. Yupo hapa usiku huu, safu ya tatu, na nimemuahidi sitamtazama.

Betri zenu mbovu msizitupe kwenye takataka, maana zinachomwa huko na watoto wanaookota chupa wako karibu. Zifungeni gundi ya nailoni ncha zote mbili mniletee. Nipo kila siku baada ya alasiri, na mwezi huu nafunga duka dakika ishirini kabla ya magharibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.